Mvua ikipiga Mwanza anza kuhesabu siku, hivi ndo unavyojikinga na magonjwa yanayokuja nyuma yake

Nyumbani kwangu Igogo kuna kalenda ukutani, zile za bure wanazogawa madukani mwaka ukianza, na kila ikipiga mvua kubwa nazungushia ile tarehe kwa kalamu nyekundu. Shamba sina, nahesabu kwa ajili ya magonjwa. Nilianza hivyo baada ya mtoto wa jirani kuharisha siku ya 3 tangu mvua iliyoshusha maji machafu toka mlimani mpaka milangoni kwetu, akapona tunamshukuru Mungu, halafu mwezi na kitu mbele nyumba hiyohiyo watu 2 wakalala na malaria. Mvua ilishasahaulika, vumbi limerudi, hakuna aliyeunganisha hayo mambo. Ndo nikaanza kuuliza manesi na mabwana afya na kusoma, nikakuta kila ugonjwa una siku zake za kutokea baada ya mvua, na ukizijua unaziba mlango kabla haujaingia.

Kwa hiyo naeleza hapa namna ya kuhesabu na cha kufanya siku zikifika. Ni kwa ajili yetu sisi wa Mwanza na mwambao wote wa ziwa, Ukerewe, Sengerema, Magu, hata mkiwa Musoma au Bukoba mambo ni hayohayo.

Kwanza mabadiliko ya tabianchi yanaingiaje hapa. Hewa ikipata joto inabeba mvuke mwingi zaidi, kila digrii 1 inaongeza kama asilimia 7, kwa hiyo mvua ikija inamwagwa kwa mkupuo, na ikikatika jua linawaka kwelikweli. Ziwa lenyewe mmeliona. Mei 2020 kipimo cha kimo cha maji ya ziwa pale Jinja kule Uganda kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964 iliyokuwa 13.41, hiyo ilikuwa baada ya zile mvua za mwisho wa 2019 ambazo zilitokana na Bahari ya Hindi upande wetu kuchemka kuliko upande wa Indonesia. Mei 2024 baada ya El Nino maji yakapanda tena zaidi ya hapo. Waliokuwa na choo cha shimo karibu na maji wanajua nini kilitokea, ziwa lilimfuata mtu chooni. Sisemi tabianchi peke yake ndo inaleta magonjwa, vyoo vibovu na takataka ni vyetu wenyewe, ila joto na mvua vinachukua huo uchafu na kuufikisha kwa watu wengi kwa muda mfupi, na hilo ndo limebadilika.

Sasa tuhesabu.

Siku ya 1 mpaka ya 5, kipindupindu na kuharisha

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo panapoua haraka. Mdudu wa kipindupindu akiingia tumboni anachukua masaa machache mpaka siku 5 kuonyesha dalili, wengi ni siku 2 au 3. Na mtu akishaanza kuharisha anaweza kupoteza mpaka lita 1 ya maji kwa saa, yaani mtu mzima mwenye nguvu zake asubuhi jioni hayupo. Lakini huyohuyo akipata maji ya chumvi na sukari mapema na kufikishwa kituo cha afya karibu wote wanapona, wanaokufa hawafiki 1 kati ya 100. Tofauti ni muda tu.

Mji wetu umekaa vibaya kwa huu ugonjwa. Nyumba zipo juu ya mawe, Mabatini, Igogo, Isamilo, huwezi kuchimba choo kirefu kwenye mwamba, vyoo vingi ni vifupi vinajaa haraka, na kuna wenzetu mvua ikianza tu wanatapisha vyoo ili maji yabebe. Yanabeba kweli, yanashuka kwenye mitaro mpaka mto Mirongo, Mirongo unamwaga ziwani, na ufukweni kuna mtu anachota ndoo ya kupikia uji. Nawaomba sana ndugu zangu mnaotapisha, mtoto wa jirani anayekaa chini yako anakunywa, na siku mbili mbele wa kwako anacheza na wa kwake.

Kingine ambacho wengi hawakijui, yule mdudu haishi kwenye kinyesi tu. Anaishi majini mwenyewe, anajishikiza kwenye vijidudu vidogo sana vinavyoelea, vile ambavyo hata dagaa anakula, na maji yakiwa ya vuguvugu na yamejaa mbolea iliyosombwa na mvua hivyo vijidudu vinaongezeka. Kwa hiyo maji kuonekana masafi sio usalama. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Rita Colwell, alilifuatilia hili miaka mingi, na kule Bangladesh wakawafundisha kina mama vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara 4 au zaidi, kipindupindu kikapungua karibu nusu. Kitambaa tu! Sababu vile vijidudu vinanasa kwenye kitambaa pamoja na mdudu aliyevipanda. Walitumia kuukuu maana nguo iliyofuliwa sana nyuzi zake zimejaa na matundu yamebana. Mimi natumia khanga ya zamani, nakunja mara 4, nachuja, halafu bado nachemsha, maana nusu inayobaki nayo inaua.

Cha kufanya mvua kubwa ikishapiga, usisubiri tangazo:

Maji yote ya kunywa chuja kisha chemsha mpaka yatokote kabisa, yale mapovu makubwa, dakika 1 inatosha, funika yapoe humohumo. Mkaa ukiwa shida tumia vidonge vya kutibu maji, soma pakiti kidonge kimoja ni cha lita ngapi maana vinatofautiana, koroga subiri nusu saa. Maji yakiwa na tope dawa inaishia kwenye tope, yaache yatuame kwanza umimine ya juu. Na kama huna kabisa hela, chupa ya plastiki inayoonyesha, isiyozidi lita 2, jaza maji maangavu ilaze juu ya bati masaa 6 jua likiwaka, mawingu yakiwa mengi siku 2. Maji ya bomba nayo usiyaamini wiki hiyo, bomba likipasuka kwenye mtaro linanyonya uchafu, chemsha tu.

Halafu chota kwa kikombe chenye mpini au tumia ndoo yenye koki, sio kila mtu anachovya mkono. Sabuni iwe chooni penyewe, sio imefungiwa kabatini ya wageni. Chakula cha moto. Matunda ya kumenya mwenyewe. Kachumbari iache hizo siku 5, najua inauma na sato wa kukaanga bila kachumbari ni kama hajakamilika.

Kaka zangu wavuvi, kuna hii imani kwamba maji ya katikati ya ziwa hayana shida mnakunywa hivyohivyo. Mitumbwi ni mingi, kila mmoja anajisaidia hapohapo, na kambini kwenye mialo choo ni kimoja au hakuna. Dumu la lita 5 la maji yaliyochemshwa liwe kitu cha kwanza kuingia kwenye mtumbwi, kabla ya karabai.

Mtu akianza kuharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, hapohapo anza kumnywesha ORS, ile poda ya pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Haipo? Lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, onja, isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi mwaga uanze upya, chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Mtoto chini ya miaka 2 robo mpaka nusu kikombe kila akiharisha, mkubwa zaidi nusu mpaka kikombe kizima, akitapika subiri dakika 10 urudie taratibu kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Huku unamnywesha mnatembea kwenda kituoni, sio unamnywesha halafu unaangalia itakuwaje kesho. Boda aliyempeleka mgonjwa anawe mikono na siti ioshwe kwa maji ya klorini. Na ikitokea msiba msioshe maiti wenyewe, mwiteni bwana afya, hili najua ni gumu kwa mila zetu zote za huku lakini kuna familia imebeba ugonjwa toka msibani ikausambaza mpaka kijiji kingine.

Akitokea mgonjwa mpya mtaani, hesabu inaanza upya toka siku ya 1.

Wiki ya 2, zamu ya viluwiluwi

Yai la mbu mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 mpaka 14, joto likizidi zinapungua. Kwa hiyo siku ya 5 au ya 6 baada ya mvua, kabla hawajaota mabawa, pita nyumba yako yote na jicho la ukorofi. Matairi, vifuu, makopo, sahani za chini ya maua, gata lililoziba majani, mfuniko wa simtank uliokaa vibaya, na sisi wa Mwanza tuna kitu cha ziada, vile vishimo vya juu ya mawe vinavyotunza maji wiki nzima, jaza mchanga au kokoto. Rudia kila wiki siku hiyohiyo, mimi nimechagua Jumamosi watoto wapo nyumbani tunafanya pamoja, mdogo wangu wa mwisho ndo bingwa wa kuviona.

Hapa wapo mbu wa aina 2 na watu wanawachanganya. Wa malaria anauma usiku na anapenda madimbwi ya nje, majaruba ya mpunga, mashimo ya wafyatua tofali, nyayo za ng'ombe. Wa dengue ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana na anapenda maji masafi ya kwenye vyombo vya binadamu, na mayai yake yakigandia ukutani mwa pipa yanakaa makavu hata miezi, siku ukijaza maji yanaanguliwa. Ndo maana pipa kulimwaga tu haitoshi, lisugue kwa brashi ndani. Dar walipigwa na dengue 2014 na tena 2019, na sisi mji unakua, mapipa yanaongezeka, joto linaongezeka, tusijione tuko mbali.

Wiki hii pia kuna homa ya mkojo wa panya, inatoka siku 5 mpaka 14 kwa kawaida baada ya mtu kukanyaga maji ya mafuriko akiwa na kidonda. Vaa buti, ukikosa funga hata mifuko, na ukiumwa homa na misuli ya kigimbi cha mguu inauma sana mwambie daktari kwamba ulikanyaga mafuriko, asipoambiwa hawezi kuotea.

Wiki ya 4 mpaka ya 8, malaria

Hapa ndo joto linaonekana kazi yake waziwazi. Mbu akimuuma mgonjwa haambukizi papo hapo, vimelea vinatakiwa vikomae kwanza tumboni mwake. Hali ya hewa ikiwa na wastani wa digrii 20 vinahitaji karibu wiki 4, na mbu wengi hawaishi muda huo, wanakufa na vimelea vyao. Ikiwa digrii 25 vinahitaji siku 12 hivi. Mwanza tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari na wastani wetu ni kwenye 23 au 24, yaani tupo katikati ya hiyo ngazi, digrii 1 ikipanda inakata kama siku 2, na siku 2 kwa mbu ni umri mkubwa. Ndo maana pia ndugu zetu wa miinuko ya baridi ambao zamani walikuwa wanasema malaria ni ya watu wa bondeni inabidi wajiandae. Joto likizidi sana, kwenye 34 kwenda juu, mbu nao wanashindwa, lakini sisi wa ziwani hatujafika huko.

Jumlisha sasa, mbu kuzaliwa wiki 1 au 2, vimelea kukomaa siku 12 mpaka 16, halafu mwilini mwako siku 10 mpaka 15 kabla ya homa. Unapata mwezi mmoja mpaka mmoja na nusu baada ya mvua, na wengine wanachelewa mpaka miwili, wakati kila mtu ameshapumzika na chandarua kimekunjwa kwa sababu ya joto. Kikunjue. Tena kikaguliwe wiki ya 3, matundu yashonwe, kichomekwe chini ya godoro. Na chandarua cha dawa sio cha kuanikia dagaa wala kuvulia, najua maisha ni magumu mwaloni lakini mtoto asiyelala ndani yake atakula faida yote ya hao dagaa hospitalini. Mama mjamzito asikose dozi zake za SP kliniki, ile dawa ya kumkinga na malaria.

Homa ikitokea nenda kapime ndani ya siku 1, kipimo cha haraka kinatoa jibu dakika 15 au 20. Usinunue dawa mseto kwa kukisia, maana kama ni dengue au taifodi unapoteza siku. Na kipimo kikisema hakuna malaria huku macho yanauma kwa nyuma na viungo kama vimevunjwa, usimeze aspirini wala diklofenaki mpaka daktari akuone, zinaweza kuongeza damu kutoka kama ni dengue. Paracetamol na maji mengi.

Mwezi wa 2 na kuendelea, kichocho

Huu hauna haraka ndo maana unadharauliwa. Yule konokono mdogo wa majini anapenda majani ya pembeni, kina kifupi, maji yaliyotulia. Ziwa likipanda likafunika nyasi za nchi kavu unakuwa umemjengea mtaa mpya, na magugu maji yakisukumwa na upepo yanamhamisha bure. Mvua inasomba kinyesi mpaka pale, vimelea vinamwingia konokono, vinakaa kama wiki 4 au 5, halafu anaanza kutoa vimelea vipya kwa maelfu vinavyopenya ngozi ya mtu. Ufukweni kwetu ni kichocho cha tumbo zaidi, ndani huko kwenye majaruba na malambo ya Usukumani ni cha mkojo, ukiona damu kwenye mkojo wa mtoto sio kubalehe kama wengine wanavyosema, mpeleke.

Vimelea vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Kama huna namna zaidi ya kufulia na kuoga ziwani basi nenda alfajiri, na usiingie kwenye majani. Kilicho bora ni kuchota na kuyaacha maji kwenye ndoo siku 2 ndo uogee, vimelea vinakufa vyenyewe vikikosa mtu. Vidonge vya kichocho wanavyogawa mashuleni watoto wameze, baada ya kula, kizunguzungu kidogo ni kawaida. Ila vidonge vinaua waliopo ndani tu, akirudi kuogelea kesho anaanza upya. Watu wazima wa mwaloni nao waende kuomba dawa, wavuvi na mama zetu wanaoanika dagaa wanakaa majini kuliko mwanafunzi yeyote.

Ukame nao una hesabu yake. Mvua ikikata miezi 2, visima vya kienyeji vinabaki tope na watu na ng'ombe wanachangia kashimo kamoja, hapo kuharisha kunarudi bila tone la mvua, na nyumba zinajaza mapipa ambayo ndo kitalu cha mbu wa dengue. Sheria ni ileile, chemsha, funika, sugua.

Mwisho, usianze kuhesabu mvua ikiwa imeshakunyeshea. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa mwelekeo wa vuli kabla ya Oktoba na wa masika kabla ya Machi, sikiliza redio, wakisema mvua za juu ya wastani basi mwezi mmoja kabla zibua gata na mtaro, nunua pakiti 5 za ORS na za zinki za watoto uweke juu ya kabati, nunua vidonge vya maji kabla bei haijapanda, na choo kikikaribia kujaa kinyonywe kiangazi wakati gari linafika. Kama unajenga karibu na ziwa kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60, na kwa ziwa lilivyopanda 2020 na 2024 hata hizo 60 mimi naona choo kiende mbali zaidi, juu.

Na ukiona watu 2 au zaidi wa nyumba moja au wanaochota sehemu moja wanaharisha, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, au mwambie mhudumu wa afya wa mtaa. Uwe na majibu ya haya: mvua kubwa ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi, wa kwanza alianza kuharisha lini, wapo wangapi, na maji yao wanachota wapi. Ile kalenda ya ukutani inakujibia ya kwanza.